Rafiki Anayeaminiwa na Mdogo Wangu Ni Mimi

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kama nafasi gazetini ni ndogo basi nijibu kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu jambo lenyewe lina tarehe, na tarehe hiyo ni Jumamosi ambayo shule zitafungwa, wiki mbili kutoka leo.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, karani wa masjala katika ofisi moja ya umma, kazi yangu ni kupokea barua, kuzigonga muhuri, kuzipa namba na kuweka kila moja kwenye jalada lake, na bado naishi nyumbani na mama yangu, ambaye ni fundi cherehani, pamoja na mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na minne, kitinda mimba wetu, ambaye jina la Kitinda limemganda hadi shuleni. Kitinda anapenda kuimba. Mwaka jana shangazi alimpa simu yake ya zamani, na tangu siku hiyo mlango wa chumba ukawa haufunguki, anajirekodi, anaweka mtandaoni, anacheka peke yake, mpaka mama akaniita pembeni ya cherehani akaniambia kwamba mambo hayo ya mitandao yeye hajui hata yanakoanzia, na kwamba mimi ndiye niliyesoma, kwa hiyo nimchunge mwenzangu.

Nilianza vizuri. Nilimwomba Kitinda anionyeshe anaongea na nani, akanitazama kuanzia viatu hadi kola ya shati, akasema, "Kaka, na simu yangu nayo ni jalada la ofisi?" Mama alicheka, hata mimi nilicheka, lakini niliumia, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo sijui niliite nini.

Nilifungua akaunti ya msichana. Nilimpa jina la Tausi, miaka kumi na mitano, yuko shule ya bweni ya mbali, mama yake muuguzi, anapenda nyimbo zilezile anazozipenda Kitinda, na mahali pa picha nikaweka ua. Nilijiambia ni wiki moja tu, nijue kama yuko salama, kisha niifute. Na kwa kuwa naogopa sana kujikanganya, nikamfungulia Tausi jalada, jalada kamili la karatasi, Mshauri, lenye namba za kurasa, nikawa naandika Tausi alisema nini siku gani, paka wake ana rangi gani, alifeli mtihani upi, ili nikiulizwa nisiteleze. Sasa lina kurasa thelathini na saba. Liko kwenye droo yangu kazini, na kila mkuu wa masjala anaposimama nyuma yangu nasahau hata tarehe ya leo.

Wiki moja imekuwa miezi mitano. Kitinda amempenda Tausi. Anamwambia mambo ambayo mimi, kaka yake wa tumbo moja, sijawahi kuambiwa, kwamba wasichana wa darasa lake wanamcheka meno, kwamba hisabati inamfanya atamani kuugua, kwamba kaka yake ni mtu mzuri ila anaishi kama amemeza rula. Hilo la rula nililisoma tukiwa wote wawili sebuleni, yeye kiti kile na mimi kiti hiki, na ikabidi Tausi acheke.

Mwezi uliopita akatokea mtu. Anajiita Kinanda, anasema ana miaka kumi na saba, anapiga kinanda, mjomba wake ana studio, na sauti ya Kitinda imemkosesha amani. Alianza na sifa, akaomba picha ya uso, akaomba ya sare ya shule, naye Kitinda akaipeleka, na beji inasomeka vizuri kabisa. Kisha akaomba picha za siri. Kitinda akakataa. Yule mtu akanyamaza siku tatu, akarudi na maneno ya asali, kwamba basi yaishe, waonane ana kwa ana kwenye studio ya mjomba, Jumamosi hiyo ya kufunga shule, saa tisa mchana, ila asije na mkubwa yeyote kwa sababu wakubwa ndio wanaoua vipaji.

Haya yote Kitinda kamsimulia Tausi mwenyewe. Nilimwandikia kwamba watu wa mtandaoni si wa kuaminiwa, akanijibu, "Hata wewe nilikuwa sikujui, na ona ulivyo mtu mzuri." Nikajaribu tena kwa ukali kidogo, akajibu, "Tausi, umeanza kuongea kama kaka yangu." Na juzi ameomba jambo moja, kwamba shule za bweni zikifungwa Tausi aje amsindikize kwa huyo Kinanda, na asipokuja ataenda peke yake.

Nimechanganyikiwa, Mshauri. Nikiifuta akaunti, anakwenda peke yake. Nikisema Tausi atakuja, nimempa ujasiri wa kwenda. Nikimwambia mama, simu itapigwa nyundo na Kitinda ataazima ya rafiki yake. Nikijitaja, mimi ni mwanamume mzima niliyejifanya msichana ili mtoto anifungulie moyo, na huyo Kinanda labda naye ni hivyohivyo, sasa tofauti yangu na yake ni ipi, na polisi wakiniuliza nitawaonyesha nini zaidi ya jalada lenye mwandiko wangu? Nimefikiria kulichoma. Nimefikiria hata kwenda mwenyewe siku hiyo nikamsubiri huyo Kinanda, ingawa sijawahi kupigana tangu nizaliwe. Niambie tu nianzie wapi.

Karani Mwoga

*

Ndugu Karani,

Jibu hili nilikutumia siku ileile nilipopata barua yako. Hapa nalichapa kwa ruhusa yako, na majina ya mtandaoni nimeyabadilisha.

Nianze na lile linalokutesa. Unauliza tofauti yako na yule mtu. Kwa nia, ni kubwa kama mbingu na ardhi. Kwa mbinu, samahani, hakuna. Ulimzoesha mdogo wako kumwaga siri zake kwa mtu asiye na uso, ukamthibitishia kwa miezi mitano kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuwa mwema. Kinanda alipobisha hodi, mlango ulikuwa umeshafunguliwa, na aliyeufungua ni wewe. Kasome tena lile jibu, "Hata wewe nilikuwa sikujui." Mtoto hakukosea hesabu. Wewe ndiye uliyempa tarakimu za uongo.

Sasa futa machozi, tufanye kazi.

Usichome kitu na usifute kitu. Piga picha za skrini za kila alichoandika huyo mtu, pamoja na jina la akaunti yake na tarehe. Usimjibu, usimtishe, na hiyo safari ya kwenda kumvizia iondoe kichwani. Ukifika pale hutajua wako wangapi, nao watajua uko peke yako.

Kisha mama. Leo, cherehani ikiwa imezimwa. Mwambie yote, na la Tausi liwe la kwanza. Mwombe ahadi moja tu: mtoto akisema kweli, simu haivunjwi. Mwenzangu, na nyie wazazi mnaosoma hapa kwa kuibia, mtoto anayenyang'anywa simu kwa sababu amesema kweli hajifunzi kuwa mwangalifu. Anajifunza kunyamaza, na wanaowinda watoto hawaombi zaidi ya huo ukimya.

Halafu Kitinda. Si kwa ujumbe. Kaa naye mkitazamana, mama akiwepo, useme, "Tausi ni mimi." Usianze na Kinanda, usianze na "nilifanya kwa faida yako." Omba radhi, unyamaze. Atalia, au atakutukana, na ana haki ya vyote viwili. Akikuuliza uliwezaje, mpe lile jalada alisome lote, kurasa zote thelathini na saba. Aone paka alivyopakwa rangi, aone mama muuguzi alivyozaliwa ofisini kwako kati ya barua mbili. Kisha mwambie hivi: kama kaka aliyemeza rula ameweza kuwa msichana wa miaka kumi na mitano, huyo wa studio ameshindwa nini kuwa na miaka kumi na saba? Somo hilo hakuna mwalimu wa kumfundisha isipokuwa wewe, na umeshalilipia.

Mkitoka hapo, nendeni polisi nyote watatu, mkaombe dawati linaloshughulikia watoto. Unaogopa jalada lako? Mimi si mwanasheria, lakini anayekwenda mwenyewe na mama yake na karatasi zake mkononi hasikilizwi sawa na aliyekutwa amezificha. Mwalimu mkuu naye aambiwe, kwa sababu huyo mtu anaijua beji, kwa hiyo anaijua njia ya kwenda shuleni. Mkishahifadhi ushahidi, na polisi wakikubali, iripotini akaunti yake na kuifungia. Akaunti ya Kitinda ionwe tu na anaowafahamu kwa sura, na picha ya sare isipandishwe tena.

Na kuimba aendelee kuimba. Mama ajifunze kufungua huo mtandao kwa mkono wake mwenyewe, Kitinda akiwa mwalimu. Amsikilize binti yake kabla ya watu wengine elfu. Ulinzi wa kwanza wa mtoto ni kuwa na mtu wa kumkimbilia asiyempigia kelele, na huyo mtu alipaswa kuwa wewe kwa jina lako, si kwa jina la ndege.

Unaogopa kwamba hatakusamehe. Inawezekana, kwa muda. Atakununia wiki, huenda mwezi, atakupita sebuleni kama kabati. Lakini Jumamosi hiyo, saa tisa mchana, atakuwa amenuna nyumbani.