Cheo Nilichopewa Badala ya Saa Zangu

Alhamisi, jioni. Mkolani kumeshinda na wingu zito ambalo halikunyesha. Nimerudi kutoka mjini, nimevua viatu, sijala. Naandika kwa sababu nikikaa hivihivi nitamgombeza mtu humu ndani ambaye hana kosa.

Leo ilikuwa siku ya usuluhishi kati yangu na mwajiri wangu.

Kwa anayefika hapa mara ya kwanza: mimi ni wakala katika ofisi ndogo ya mawakala wa wachezaji hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa sita. Watu wakisikia wakala wanafikiria miwani ya jua na hoteli. Mimi natafuta vipaji, nakaa na wazazi, napeleka wachezaji kwenye majaribio, nasoma mikataba yao, na mmoja akiteguka kifundo cha mguu nakaa naye hospitali mpaka ndugu zake wafike. Jumatatu hadi Ijumaa niko ofisini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja. Jumamosi navuka na kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema kumwona golikipa wa kike anayesifiwa. Jumapili niko uwanjani Butimba. Jumatatu naanza tena.

Sheria inasema saa arobaini na tano kwa wiki. Zinazozidi hapo ni saa za ziada, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Miaka yote hiyo sikujua. Nilikutana na kifungu hicho nikitafuta kitu kingine, cha kumtetea mchezaji.

Mikataba ya wachezaji naisoma mpaka nukta. Wangu niliusaini nimesimama, mkoba begani.

Mwaka jana nikamwandikia Mkurugenzi barua nikiomba nilipwe saa zangu. Aliniita ofisini kwake, akanimiminia chai kwa mkono wake.

"Dada Adve," akasema, "wakala hana saa. Unataka kulipwa kama kibarua?"

Wiki iliyofuata nikapewa barua ya kupandishwa cheo. Meneja wa Vipaji. Mshahara ule ule.

Nakiri, nilifurahi. Nilimpigia mama simu kule Muleba, naye akaitangazia jumuiya nzima. Niliipiga picha ile barua nikaiweka kwenye status, na watu wakanipongeza siku mbili.

Ilinichukua miezi kuelewa nilichopewa. Mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri, na anayeripoti moja kwa moja kwa wakubwa, kanuni za saa za ziada hazimhusu. Ile barua haikunipandisha popote. Ilinitoa nje ya sheria, na mimi nikashukuru kwa maandishi.

Wa kusimamiwa yuko wapi? Ofisi nzima ina Mkurugenzi, mke wake anayeshika fedha, mimi, na dereva wetu, Kaka Masalu. Basi.

Nilinyamaza hata hivyo. Kilichonitoa kwenye ukimya ni kipaimara cha binti yangu. Jumapili hiyo nilikuwa Shinyanga na mchezaji aliyeitwa kwenye majaribio ghafla. Nilipiga simu misa ilipokwisha, nikaanza kuomba msamaha, naye akanikatiza kwa upole. "Si kitu mama, nilijua hutakuja." Kwenye picha zote amesimama na msimamizi wake. Mimi simo hata moja.

Jumatatu yake nikaenda kufungua madai kwenye tume ya migogoro ya kazi.

Ushahidi wangu ulikuwa daftari la safari za gari. Masalu huandika kila siku tumetoka saa ngapi, tumerudi saa ngapi, tulikuwa wapi. Nilimwambia nitalitegemea. Alisema, "Sawa dada." Sikumuuliza zaidi.

Leo asubuhi nikamwona anaingia nyuma ya Mkurugenzi, akakaa upande wao.

Msuluhishi ni mama wa makamo, mtulivu, anayesikiliza huku akiandika. Kwanza aliniambia ukweli ambao sikuutaka: mengi ya madai yangu ni ya zamani, muda wa kuyaleta umepita, kwa hiyo itabidi niombe kibali na nieleze kwa nini nilichelewa. Sababu ninayo moja tu. Niliogopa. Sijui kama hiyo inaandikwa kwenye fomu.

Kisha Mkurugenzi akasema mimi ni meneja, na aliye chini yangu ndiye huyu hapa.

"Ni kweli?" msuluhishi akamuuliza Masalu.

"Ni kweli mama. Dada Adve ndiye ananipangia kazi."

"Ukitaka likizo unamwomba yeye?"

Masalu akamtazama Mkurugenzi. "Hapana. Namwomba Mkurugenzi."

"Amewahi kukuandikia onyo?"

"Hajawahi."

Msuluhishi akaandika kitu, akasema yeye haamui, anasuluhisha tu. Tukishindwa kuelewana shauri litakwenda kwa mwamuzi. Mkurugenzi akatoa alichokuja nacho: mshahara wa mwezi mmoja, nami niandike kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu na sidai chochote. Karatasi ilikuwa imeshachapwa. Jina langu na cheo changu kipya vilikuwa juu yake.

Nilishika kalamu. Hilo nalo nalikiri. Nilifikiria ada ya muhula ujao na kwa sekunde kadhaa nikaona naweza. Halafu nikairudisha mezani nikasema hapana. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyoifanyia mazoezi.

Shauri linakwenda kwa mwamuzi. Nilitoka nikijiona shujaa kidogo.

Masalu alikuwa amesimama nje, peke yake. Nikamwendea. Nilimwambia kwamba ameniuza, kwamba nimekula naye barabarani miaka sita na leo amenikana mbele ya watu. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika hapa.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Masalu si mtu wa kelele.

"Daftari wamelichukua tangu Jumatatu," akasema. "Ningelileta vipi? Nina watoto wanne, dada."

"Ungesema ukweli tu."

"Na wewe saa zangu umezidai?"

Sikumwelewa.

"Kila ulipokuwa wewe, nilikuwepo mimi. Shinyanga nilikuwepo. Hospitali ulikuwa ndani na mgonjwa, mimi nalala garini. Ulikuja kwangu kutaka daftari. Hukuniuliza kama na mimi nadai."

Akaitwa. Akaenda kumfungulia Mkurugenzi mlango wa gari.

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane mchana. Nilitaka kumchukia kwa amani na amenikatalia. Nimeitoa nakala ya fomu yangu ya madai nikaisoma tena kama ninavyosoma za wachezaji. Ina jina moja. Nimeorodhesha safari zote, nikaandika "nilisafiri," "nilirudi," kana kwamba lile gari lilikuwa linajiendesha.

Mara ngapi nilimwambia "nisubiri hapo," nikaingia ndani, nikatoka baada ya saa tano bila hata pole? Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo. Na hicho cheo nilikuwa bado sijapewa.

Hasira yangu kwa Mkurugenzi iko palepale, haijapungua hata chembe. Kesho nitaingia ofisini saa mbili kamili, na saa kumi na moja nitatoka, anune asinune. Hilo nimeliamua.

Lakini kabla ya saa mbili nitapitia nyumbani kwa Masalu. Nitampa shikamoo mama yake, nitamwomba tuongee pembeni. Nitamwambia madai ya wawili yana nguvu kuliko ya mmoja, nayo ni kweli. Ninachokiogopa ni kwamba ataniangalia na kujiuliza kama nimekuja kwa ajili yake, au nimekuja tena kutafuta shahidi.

Na mimi mwenyewe, hadi saa hii, sijui ningemjibu nini.