Mama Delphine amembana tajiri wa timu

Weee Renita, bado nacheka! Mama Delphine kamuumbua tajiri wa timu leo mezani, mbele ya mwanawe Tavaris!

Si unajua mkataba wa Tavaris umeisha? Timu ya California na ya Texas zote zinamtaka, kwa mshahara uleule. Tajiri wa California akamwaga sifa: "Mama, kwetu jua mwaka mzima!"

Mama akaacha kutafuna. "Na kodi ya jimbo lenu kwenye mshahara wake? Texas hawamkati hata senti."

Tavaris akatamani ardhi ipasuke.

"Mama, kodi ni jambo dogo!" tajiri akajitetea.

"Haya baba. Wewe mwenyewe unaishi wapi?"

Tajiri akakohoa. Renita, akakohoa TENA!

"Nime... nimehamia Texas."

Mama akamgeukia Tavaris: "Umesikia? Kasaini Texas, jirani yako huko ni huyu."