Desideri Amevuka Mpaka

Jumatatu, 3 Februari
Madaftari ya kidato cha tano, nimesahihisha nusu. Swali: kwa nini dola za Ulaya ziliingia vitani mwaka 1914? Wengi wameandika "tamaa". Nimewakata alama. Nilishawaambia hofu ina nguvu kuliko tamaa. Jirani akiongeza askari, nawe unaongeza, naye anaona umeongeza. Mwisho kila mmoja anaona heri aanze yeye.
Mvua tangu asubuhi. Mama analalamika karanga zitaoza.

Alhamisi, 6 Februari
Desideri kapiga simu wakati wa mapumziko. Mdogo wangu huyu alizaliwa hapa Ulyankulu kama mimi, akarudi Burundi, nchi ambayo Mama aliikimbia akiwa mtoto. Akawa mwanajeshi. Sasa kikosi chao kinavuka kwenda Kongo.
"Kufanya nini huko?"
"Dada, wale waasi wakishika miji ya kule, kesho wako kwetu. Bora tuwazuie mbali."
Nilitaka kumbishia. Mwanafunzi angeandika hivyo ningempa alama zote.
Kaniomba nisimwambie Mama. Sijamwambia. Najiona mwizi.

Jumapili, 9 Februari
Mama amejua. Spesioza, mke wa Desideri, kampigia. Hakulia. Baada ya misa alikaa kwenye kigoda, akasema, "Wewe unafundisha vita. Nieleze."
Nikaeleza. Kwamba nchi ikionewa haina polisi wa kukimbilia, kwa hiyo kila moja inajilinda yenyewe. Kwamba ngao ya huyu ni tishio kwa yule. Alinisikiliza hadi mwisho.
"Askari walipokuja kumchukua baba yangu walikuwa wanatetemeka," akasema. "Nilikuwa na miaka tisa. Nikadhani wanaumwa."
Miaka yote hii hakuwahi kunisimulia.

Alhamisi, 13 Februari
Simu ya Desideri haipatikani. Siku ya nne.
Darasani sikumaliza kipindi. Yusta, anayekaa dawati la mbele, aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo nani alikosea?" Nilifungua kitabu kana kwamba jibu limo. Kitabu kinasema dola. Kinasema uwiano wa nguvu. Hakuna mtu humo. Niliwaambia wajisomee, nikaenda kusimama nyuma ya stoo hadi kengele.

Jumatatu, 17 Februari
Amekufa. Ijumaa, kwenye kilima juu ya mji ambao hata jina sikuwahi kulisikia. Mwenzake wa kikosi kampigia Spesioza. Mwili haukuchukuliwa, walirudi nyuma mbio.
Nina hasira. Na waliomtuma, na waliompiga, na yeye mwenyewe. Na mimi, niliyekubaliana naye kwenye simu bila kufungua mdomo.
Jioni nilimsindikiza Mama kwa padre kuomba misa. Akataka na aliyempiga risasi aombewe. Padre akauliza jina.
"Simjui, Baba. Lakini naye ana mama."
Nilitoka nje. Mimi siwezi. Labda mwakani. Leo siwezi.

Jumamosi, 22 Februari
Spesioza amefika kwa treni ya Kigoma. Tulimpokea stesheni ya Urambo, saa nne asubuhi. Mfuko mmoja, na mtoto mgongoni. Mama alikataa kubaki nyumbani ingawa miguu inamuuma. Walikumbatiana pale pale, abiria wakawapisha.
Nyumbani kanywa uji kidogo. Mama kamtandikia kitanda chake. Wanawake wa jumuiya walikuja, wakakaa uani wakimenya viazi, sauti chini. Mtoto kapakatwa na kila mmoja wao, wala hakulia.
Spesioza alilala hadi saa kumi. Alipoamka Mama alikuwa ameshapasha maji ya kuoga. Akamshika mkono, wakaenda bafuni taratibu.