Pagne ya Tonton Akilimali

Bukavu, Jumapili

Tonton, mjomba wangu,

Huku mvua inanyesha kila siku. Maman anakusalimia sana, kuliko kawaida, na mimi ndiyo sababu.

Matokeo ya kipimo cha tumbo lako yalifika hospitali ninakofanya kazi. Maabara iliandika kwamba seli haziko kawaida, na mimi niliingiza code yake, alama fupi ya matokeo, kwenye ordinateur, kompyuta ya kazini. Code hiyo haitaji jina la ugonjwa wowote. Inaomba tu docteur akupime tena. Ninalijua hilo, ndiyo kazi yangu. Lakini nyumbani maman aliniuliza, "Mutoto, iko nini?" Niliona haya kusema sijui, mbele ya watu walionisomesha. Nikajibu: "Cancer."

Familia ikachagua pagne ya kilio chako, kitambaa cha bleu cha kushonea sare ya msiba.

Jana niliwaambia ukweli, kwamba inaweza kuwa kidonda tu. Hakuna aliyenitazama. Maman alisema fundi amekwisha kukata, pagne hairudishwi dukani.

Toka Kamituga, Tonton, uje Bukavu upimwe tena. Ukitukuta sote tumevaa bleu, usiwaulize wao, niulize mimi. Na ukisema inatupendeza, nitalia.

Mutoto wako asiyethubutu kukupigia simu,
Noëlla