Bendera ya Jumapili

Belinda, nimejifungia darasani nikuandikie, maana huku ughaibuni sina mwingine wa kumwambia.

Unaikumbuka picha ya Yerusalemu yenye bendera ya Israeli, ile ambayo kanisani kwetu kila mtu huiweka kwenye status siku ya maombi? Jana niliiweka.

Leo Rula hakuniletea chai ya karak, ile ya maziwa na iliki anayoniletea kila asubuhi. Rula yule wa Gaza, mwalimu mwenzangu, rafiki yangu pekee hapa shuleni.

Nikamfuata, nikamwambia, "Ile ni bendera ya Biblia tu."

Ya Biblia tu, Belinda. Nilitamka hivyo.

Akanijibu taratibu, "Habibti, mimi niliiona juu ya kifaru cha jeshi, mbele ya nyumba ya mama."

Picha nimeifuta. Wakati wa mapumziko nilinunua karak mbili, yangu na yake. Zote ziko mezani kwangu, zimepoa.