Mama, Usipokee Mkebe wa Bure

Kware, Nairobi
Jumanne

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo na kwa jina la Bwana. Natumaini goti la kushoto limekuruhusu kwenda kanisani, na yule ng'ombe wako mwekundu ameacha kupiga ndoo teke. Huku tu wazima. Rose, mkaza mwanao, alikuwa na mafua lakini yamekwisha. Watoto wanakuulizia wewe, Kukhu wao, kila wanapoona maziwa ya pakiti, maana mdogo anashikilia kwamba hayo si maziwa, ni maji yaliyopakwa rangi. Sijui nani amemfundisha kusema hivyo.

Utashangaa kupata karatasi wakati tulizungumza kwa simu Jumapili. Mambo mengine sipendi kuyasema hewani. Rose ananicheka, eti mimi hata mvua ikinyesha nitauliza nani ameituma. Acha acheke. Bahasha hii nimempa binamu Timona, yule dereva wa lori la saruji, nikamwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa chifu. Isome ukiwa peke yako, na ufute miwani kwanza.

Jumapili ulinieleza kwa furaha kwamba chifu aliitisha baraza, akatangaza kuwa kila mwenye ng'ombe wa maziwa atapewa mkebe mpya wa aluminiamu, bure, zawadi ya serikali na marafiki wa ng'ambo. Sharti ni kuandikisha jina na kutia saini, basi. Ukasema, "Enos mwanangu, Mungu amewakumbuka wajane." Nikakata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika.

Unajua mimi ni karani, lakini sijawahi kukuambia huwa naandika nini. Naandika orodha. Mwaka jana mradi wetu ulileta miavuli ya bure hapa Kware kwa wanaouza kando ya barabara. Miavuli mikubwa, mizuri, kila mmoja una namba. Nilienda na daftari meza hadi meza. Wa kwanza kumwandika alikuwa Mama Mwende, Mkamba anayeuza sukuma wiki mbele ya ploti tunayopanga, ambaye hunikatia mboga nyembamba kama uzi kwa kuwa anajua Rose hana subira ya kisu.

"Karani, hii ni ya bure bure, ama ni ile bure ya siasa?" aliniuliza.

"Ni ya bure, mathe. Wewe nipe jina na namba ya kitambulisho tu."

"Na hiyo jina inaenda wapi?"

"Kwa ofisi tu."

Kwa ofisi tu! Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Jirani yake, mzee Mutiso fundi wa viatu, alikataa. Akasema, "Kijana, mimi na hii jua tumezoeana. Peleka mwavuli yako mbele." Tulimcheka sana siku hiyo, mimi na Mama Mwende.

Haikupita miezi mingi, ikaja amri kwamba kila mwenye namba sasa ni mfanyabiashara anayetambuliwa, na anayetambuliwa lazima auzie ndani ya soko jipya la mabati, kule nyuma ambako hapiti mtu. Kuuza barabarani kukawa kosa. Waliokuja kuwaondoa hawakuwa na haja ya kutafuta mtu, walikuwa na daftari langu. Mwandiko wangu, Mama, ule ulionifunza kwa kipande cha mkaa sakafuni. Walisoma namba, wakabeba meza. Mzee Mutiso hakuwa kwenye orodha. Alisogeza kisanduku chake hatua kumi, akaingia kwenye lango la ploti, akaendelea kushona soli.

Mama Mwende hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisimama na mwavuli uliofungwa mkononi akaniambia, "Karani, si ni wewe uliniandika?" Nikakubali. Akasema, "Basi nifute."

Sikuweza. Hakuna aliyenipa mamlaka ya kufuta jina, nilipewa ya kuandika tu. Siku hizi sukuma zake zinanyauka kule mabatini, nami nikienda kazini nazunguka njia nyingine kwa sababu naona haya.

Sasa turudi kwa mkebe. Leo jirani anakuja mlangoni na chupa yake. Unamimina kikombe cha kwanza, unakunywa mwenyewe mbele yake, ndipo unampimia. Hakuna aliyekutungia sheria hiyo. Ulianza mwenyewe baada ya ile aibu ya Mama Nafula kutia maji kwenye maziwa. Unakumbuka? Hakuna afisa aliyekuja. Watu waliacha tu kwenda kwake, na haukupita muda naye akawa anakunywa kikombe mbele ya wateja, tena kikubwa kuliko chako. Siasa yangu yote nilijifunzia hapo mlangoni. Watu wawili wakikubaliana bei kwa hiari yao, wa tatu anayejileta kuwasimamia ana lake jambo.

Mikebe hiyo nayo ni ya mradi wetu, kwa hiyo nilimuuliza bosi, "Na mama akitaka kuendelea kuuzia majirani?"

Akanijibu, "Enos, bana, ataomba tu kibali. Maziwa mbichi si ya kuchezea, watu wanaweza gonjeka."

Sikatai, maziwa machafu ni hatari. Lakini nimeisoma ile karatasi mtakayotia saini, na wewe najua hutasomewa ukurasa wa mwisho wenye maandishi madogo. Ukurasa huo unasema maziwa yote yatapelekwa kwenye kituo cha kupozea, na atakayeuza mlangoni bila kibali atashtakiwa. Mashine za kituo zitatoka kwa hao hao marafiki wa ng'ambo, na vipuri vyake, na fundi wake. Kwenye semina mgeni wao alituhubiria urafiki wa mataifa mpaka nikasinzia. Huenda ni mtu mwema. Lakini serikali hazina marafiki, Mama, zina shughuli, yao na yetu pia. Paka hampendi mchuuzi wa samaki, anapenda kapu lake.

Najua utaniambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini pia mlitufundisha mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu, siku ya tatu, ndiye atakayekupa wewe jembe.

Pengine nimekosea. Pengine kituo kitakuwa kizuri na bei nzuri. Basi kaa utazame, uza mlangoni mwaka mmoja, halafu uchague ukiwa bado una uchaguzi. Maziwa hayo ndiyo yaliyonisomesha mimi na Beatrice, na ndiyo yanayokufanya usimnyooshee mtu mkono. Naogopa kukuona, kwa umri wako huo, ukiomba ruhusa ya kumuuzia jirani chupa moja ukiwa umesimama mlangoni pako mwenyewe. Naogopa sana, Mama, na usingizi umenipungukia.

Utauliza kwa nini nisiache kazi hii. Nimejiuliza pia. Nina watoto wawili shuleni na chumba cha kupanga ghorofa ya tano, kwa hiyo sitajifanya mtakatifu.

Nisalimie dada Beatrice, umwambie asithubutu kutia saini kwa niaba yako. Mjomba Wycliffe naye, ambaye najua ameshapanga kuutumia mkebe wake kwa jambo ambalo mchungaji hapaswi kulijua. Shangazi Jerida mwambie dua zake zinafika huku, azidi kutuombea.

Nimebakiza jambo moja, nalo nimelikwepa tangu mstari wa kwanza. Wiki iliyopita nilipewa begi jipya, buti za mvua na daftari tupu. Walitaka karani anayejua lugha ya nyumbani, mtu ambaye akina mama watamwamini. Bosi alinipiga bega akasema, "Wewe ni mtoto wa huko. Hawawezi kukukatalia."

Kwa hiyo atakayebisha mlangoni pako mwezi ujao ni mimi. Nitakuwa na msimamizi kando yangu, nami nitasema yale niliyofundishwa, na nitayasema vizuri. Nitakuambia ni bure. Nitakuambia jina linaenda ofisini tu. Nipikie chai ya maziwa mengi, nikumbatie, niulizie hali ya Rose na watoto. Lakini nikifungua daftari na kukupa kalamu, nikatalie, tena kwa sauti, majirani wasikie.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Enos