Vidonge vya Nyongo Nilivyovimwaga

Idrisa mwanangu,

Hapa Bulyaga mvua haijakatika tangu tukuzike. Baba yako sasa ana meza mbili za mitumba sokoni, siku hizi kila mtu ni mfanyabiashara. Mimi nipo tu. Roho haijatulia, na leo nakwambia kwa nini.

Unamkumbuka yule daktari wa Dar? Alikupima jasho, akasema lina chumvi kupita kiasi, ni ugonjwa wa kuzaliwa nao: makamasi yanakuwa mazito mapafuni, na nyongo inaganda ndani ya ini. Akaandika vidonge ambavyo Tukuyu nzima havikuwepo. Baba yako alivipata Mbeya, kwenye duka la dawa la mtu binafsi, maduka hayo ndiyo kwanza yalikuwa yanafunguliwa. Daktari alisema havitakuponya. Labda vingeifanya nyongo itiririke, ini lisiharibike haraka. Alisema labda, hakunificha.

Ulivimeza mwezi mzima. Halafu nikamwomba muuza dawa hapa mjini anisomee kile kikaratasi cha ndani, akaniambia ni asidi ya nyongo. Nyongo, Idrisa! Mimi niliyekufundisha kumpasua kuku taratibu, maana nyongo ikipasuka nyama yote imekwisha. Macho yako ya manjano, matapishi ya manjano, halafu nikuongezee nyongo? Nikavimwaga chooni. Nikakuchemshia mizizi michungu ya kuitoa, na kila ulipotapika nilifurahi. Mjinga mimi. Ukaniuliza, "Mama, vile vidonge vimeisha?" Nikakujibu vimeisha.

Tumbo likajaa maji, ukaanza kutapika damu. Baba yako mpaka leo anajua ulivimeza hadi siku ya mwisho.

Pengine ungeondoka hata kama ungevimeza. Sijui, na sitajua, na hilo ndilo linanila.

Sasa nisikilize. Juzi nilimbusu mdogo wako Zuhura shavuni nikaonja chumvi, ile ile yako. Anakohoa. Jana namwogesha, nikampapasa chini ya mbavu, upande wa kulia. Pagumu. Nilijua kabla mkono haujafika. Nikamwambia baba yako tumrudie daktari, akanijibu, "Dawa zile hazikumsaidia Idrisa, ya nini kuhangaika tena?" Anasema hivyo kwa sababu ya uongo wangu.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda sokoni, nitamkalisha nimwambie yote. Akitaka kunirudisha kwetu Isongole, anirudishe, ila Zuhura apelekwe kwanza. Nakuahidi hilo. Na akiandikiwa vidonge vile, nitampa mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka niambiwe basi.

Kwaheri, baba. Pumzika, hukupumzika ulipokuwa kwangu. Nina ombi moja tu. Mdogo wako siku hizi anacheza peke yake nyuma ya nyumba, anaongea na kucheka. Nikimuuliza yuko na nani, anasema yuko na kaka, na kaka anamwita waende.

Nakuomba mwanangu, usimwite.

Mama yako